Kidonge cha Kabla ya Kula

Nyumbani kwetu Mbweni, maumivu yoyote yanayoanzia chini ya kifua na kuishia juu ya kitovu yana jina moja tu: vidonda vya tumbo. Haijalishi kama yanachoma, yanabana, yanapanda kooni au yamekuja baada ya sahani ya pili ya pilau ya harusi. "Ana vidonda huyo," watu watasema, na hapo mazungumzo yamekwisha. Mwenye vidonda anajulikana. Hali maharage, anakataa pilipili kwenye urojo, na ndani ya mkoba wake haikosi karatasi ya vidonge. Zamani ilikuwa maginesiamu, ile nyeupe ya kutafuna inayoacha chaki kwenye meno. Siku hizi ni omeprazoli.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Tuna kiungulia, neno ambalo ukilisikiliza vizuri unasikia ndani yake mtu anaungua. Tuna kucheua, kwa kile kinachorudi mdomoni bila ya kualikwa. Tuna chembe cha moyo, lile shimo dogo chini ya mfupa wa kifua ambalo Ami yangu alikuwa akiligusa kwa vidole viwili kila akimaliza kula. Waliotuachia maneno haya walikuwa wakiisikiliza miili yao kwa makini. Sisi wa zama za kapsuli tumeyazoa yote tukayatia kapu moja.

Ami alikuwa mdogo wake baba. Alifanya kazi bandarini Malindi ujana wake wote, na alipostaafu akawa anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa chai ya mkandaa, na aliitaka imetoka jikoni sasa hivi. Ikikaa hata dakika tano kwenye chupa alikuwa akisema imekufa. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kula kwetu, kwa hiyo mimi nilimwona akibadilika kwa vipimo vya wiki, mara moja kila Ijumaa.

Kwanza aliacha nyama. Alisema meno. Kisha boflo ikawa haliwi mpaka lilowekwe kwenye chai. Kisha wali ukawa unataka mchuzi mwingi, halafu mchuzi ukawa mwingi kuliko wali. "Kinasimama hapa," alisema, akionyesha kifuani, kama mtu anayekuonyesha kituo cha daladala. Kanzu yake ya Ijumaa, ambayo ilikuwa ikimkaa vizuri, ikawa inaning'inia kama iliyotundikwa kwenye msumari. Na kwa kila hatua jawabu lilikuwa lile lile, kutoka kwake, kwa wenzake wa barazani na kwa kila jamaa aliyepita: vidonda. Kila mwezi alituma mtoto dukani. Kapsuli mbili kwa siku, karatasi baada ya karatasi, na sijapata kusikia kwamba aliyemuuzia aliuliza zinaliwa kwa ajili gani wala zitakwisha lini.

Alipopelekwa kupigwa kipimo cha kamera, alikuwa anakunywa uji tu. Haikuwa vidonda. Ilikuwa saratani ya umio, njia ile ya kupitishia chakula. Tulimpeleka Dar es Salaam kwa boti, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, na tulirudi naye kwa boti. Alifariki miezi saba baada ya kipimo.

Nataka niwe mwangalifu hapa, kwa sababu msibani watu walianza kutafuta cha kulaumu na kapsuli zilitajwa. Omeprazoli haikumpa Ami saratani. Hata kiungulia si lazima kiwe ndicho kilichompa: aina ya saratani ya umio inayofungamanishwa na asidi ya miaka mingi ndiyo iliyoenea Ulaya na Marekani, ilhali ukanda wetu, kutoka Ethiopia na Kenya kupitia Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, unasumbuliwa zaidi na aina nyingine. Sababu zake bado zinachunguzwa. Tumbaku na pombe zimo, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lile la Lyon, liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani hiyo. Nilipolisoma hilo nilikumbuka chai iliyokufa. Sikumwambia mtu.

Lakini kuna sentensi moja kwenye ile karatasi ya maelezo inayokunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa, ambayo sidhani kama kuna aliyeisoma nyumbani kwake. Inasema kwamba mgonjwa kupata nafuu kwa dawa hii si ushahidi kwamba hana saratani ya tumbo. Dawa inapunguza asidi, basi. Inaweza kumtuliza mwenye kidonda, mwenye kiungulia, na kwa muda hata mwenye jambo kubwa zaidi, wote kwa pamoja. Kidonge kilichowanyamazisha wote watatu, na neno moja la kuwaita wote watatu: hivyo viwili vikikutana, nani tena atauliza?

Kwa hiyo nilipoanza kuungua mimi, nikiwa na miaka 27, sikuwa mgonjwa peke yake. Nilikuwa mgonjwa na Ami.

Kilinianza usiku. Nafanya kazi ya hesabu kwenye ofisi moja mjini, narudi saa moja na nusu usiku, nakula saa tatu, nalala saa nne na simu usoni. Nikaanza kuamka saa nane za usiku na kitu kichungu nyuma ya ulimi, kifua kinawaka, na kikohozi kikavu ambacho Mama alikisikia kupitia ukutani. Asubuhi sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshangilia mpira. Mama alinipa habasoda na asali. Shangazi alisema maziwa baridi. Mfanyakazi mwenzangu alifungua mkoba, akanyofoa kapsuli mbili kutoka karatasi yake mwenyewe, akaniwekea juu ya meza kama anayetoa peremende.

Nilipita duka la dawa nikitoka kazini. Nilitaja jina la dawa. Kijana wa kaunta aliniuliza swali moja: "Karatasi ngapi, dada?" Juu ya boksi alilolitoa palikuwa pameandikwa kwamba iuzwe kwa cheti cha daktari tu. Alinitilia karatasi moja kwenye bahasha ndogo ya khaki, akaandika 1x2 kwa kalamu ya bluu, na hilo ndilo lilikuwa somo langu zima. Nikaiweka mkobani bila ya kuigusa. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa Mama, na maswali yake yalikuwa mengi na ya haraka. Chakula kinakwama? Umepungua bila ya kutaka? Umetapika damu, au kitu kama unga wa kahawa? Choo kimekuwa cheusi kama lami? Unakula dawa za maumivu, za magoti, za mgongo? Nilijibu hapana, hapana, hapana. Aliponiuliza kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua umio, sikuweza kujibu mara moja, na yeye akaacha kuandika.

"Mwanangu," alisema, "kwa umri wako na kwa majibu haya, mimi kwa kawaida ningekuandikia dawa ya wiki 8 na nikakuambia nenda kapunguze chakula cha usiku. Lakini naona hutalala. Tutakupiga kamera."

Kamera si kitu cha kuogopesha kama watu wanavyoisimulia, ila pia si kitu cha kuzoea. Hukula tangu usiku. Unapuliziwa dawa chungu kooni mpaka ulimi unakuwa kama wa mtu mwingine. Unalazwa ubavu wa kushoto, unapewa kipande cha plastiki cha kuuma, na mkono wa muuguzi unakuwa begani kwako muda wote. Nilishukuru sana kwa mkono ule. Halafu bomba jeusi, jembamba kuliko nilivyodhani, linapita pale ambapo chakula cha Ami kilikuwa kikisimama. Niliweza kuiona skrini kwa pembe ya jicho: pango la rangi ya waridi, linang'aa, linapumua. Sijui nilitegemea kuona nini. Nilikuwa nikimtafuta yeye.

Umio wangu ulikuwa na wekundu sehemu ya chini, pale unapoungana na tumbo. Basi. Hakuna kidonda hata kimoja. Walichukua na kijinyama kidogo kutazama kama nina bakteria wa H. pylori, nao hawakuwamo. Hilo la bakteria lina hadithi yake: kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na fikra nyingi na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha kwamba vingi vinaletwa na mdudu huyu. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe ili awashawishi wenzake, akaugua tumbo, na mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Maana yake ni kwamba mwenye vidonda vya kweli, aghalabu, anatibiwa kwa antibayotiki za wiki 1 au 2 pamoja na omeprazoli, na akapona. Ajabu ni hiyo. Neno tunalolitumia kueleza kwa nini mtu anakula kapsuli miaka kumi ni jina la maradhi ambayo, yakipimwa, mara nyingi yana mwisho.

Niliandikiwa omeprazoli miligramu 20, moja kwa siku, nusu saa kabla ya kula, wiki 8. Daktari aliandika tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Niliitazama ile tarehe ya pili kwa muda. Sikuwahi kuiona kwenye bahasha yoyote ya khaki.

Mbweni si mahali pageni kwa madaktari. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza zama za Sultani Barghash, alikuwa daktari na mtu wa mimea, na nyumba yake na bustani yake vilikuwa hapa hapa. Leo skuli ya afya ya chuo kikuu cha SUZA iko Mbweni, na wanafunzi wake wa makoti meupe wamejaa kwenye vyumba vya kupanga vya mtaa wetu. Mmoja wao, msichana wa Kipemba anayesomea ufamasia, amepanga chumba chetu cha uani. Ndiye aliyeiona bahasha yangu ya kwanza, ile ya 1x2, akaishika kwa vidole viwili kama samaki aliyelala.

"Hawakukwambia kabla ya kula?"

"Hawakuniambia kitu."

Akachukua kapsuli moja akaifungua juu ya kisosi. Ndani hamna unga. Mna chembechembe ndogo za mviringo, kama ufuta uliopauka. Kila chembe imevikwa koti, alisema, kwa sababu omeprazoli ikikutana na asidi ya tumbo ikiwa tupu inaharibika kabla haijafika kokote. Koti linaivusha mpaka utumbo mdogo. Pale inavuka kuingia kwenye damu, na kwa njia ya damu inarudi tumboni, sasa kwa mlango wa nyuma, mpaka kwenye seli zinazotengeneza asidi. Na humo ndani, kwenye asidi ile ile iliyokuwa ikifichwa nayo njia nzima, ndimo inamoamka. Inageuka, inang'ang'ania pampu ya seli inayosukuma asidi nje, na haiachii tena. Pampu hiyo imekwisha kazi. Mwili ukitaka asidi itabidi uunde pampu mpya.

Nilimwambia hiyo ni hadithi ya kisasi. Alicheka, akasema ndiyo sababu ya nusu saa. Pampu nyingi hulala tumbo likiwa tupu. Chakula ndicho kinachoziamsha. Dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu pampu zinapoamka, kwa sababu haiwezi kuikamata pampu iliyolala, na yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa chache. Ndiyo maana mtu anayeimeza baada ya kula, wakati moto umeshawaka, anaona haifanyi kazi na anaongeza ya pili. Na hata ukiimeza sawasawa siku ya kwanza usitegemee makubwa, kwa sababu si pampu zote zinazoamka kwa pamoja. Inataka siku 3 au 4.

Dawa hii ilitoka Sweden, ikaingia sokoni mwaka 1988, na leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Sina ugomvi nayo. Wiki ya pili nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na nilipoamka nilikaa kitandani nikimeza mate tu, nikifurahia kwamba mate hayana ladha.

Wiki ya nne ikaingia Ramadhani.

Hapa dawa ya nusu saa kabla ya kula inakutana na kalenda isiyoijua. Unguja funga yetu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ni zaidi ya saa 13, kutoka Alfajiri mpaka Magharibi. Nusu saa kabla ya futari ni mchana, humezi kitu. Nusu saa kabla ya daku ni usingizi mtamu kuliko wote. Nilirudi kwa daktari kuuliza, naye alinipa njia mbili: niamke mapema kabla ya daku, au adhana ya Magharibi ikilia nifungue kwa maji, tende moja na kapsuli, nisali, nisubiri, halafu ndiyo nile. Kwa kuwa yangu ilikuwa ikiniamsha usiku, alipendelea ya pili.

Kwenye karatasi ni rahisi. Jaribu kuifanya kwenye nyumba ya Mama. Futari imepangwa tangu saa kumi na mbili na robo: muhogo wa nazi, ndizi mbichi, mbatata, samaki wa kukaanga, sambusa, tambi, uji wa mtama, na jagi la ukwaju lenye barafu. Baba na kaka zangu wanafungua kwa tende na kwenda msikitini, wakirudi wanakula. Wanawake wanasali nyumbani na wanamaliza mapema, na mkono wa kwanza kwenye sambusa ni wa Mama. Mimi nimekaa kwenye msala.

"Chakula kinapoa."

"Bado dakika 15, Mama."

"Dakika 15 za nini? Umefunga siku nzima, unafunga tena?"

Siku ya tano akaanza kuniwekea sahani yangu juu ya jiko, imefunikwa, bila ya kusema neno. Nami nilirefusha nyiradi. Sijapata kukaa juu ya msala muda mrefu namna ile tangu niko chuoni kwa mwalimu, na mpaka leo sina hakika kama ulikuwa ucha Mungu au pampu.

Kilichonitesa zaidi Ramadhani hakikuwa futari, ilikuwa daku. Unakula saa kumi za usiku, unasali Alfajiri, unarudi kitandani na tumbo lililojaa. Hakuna kapsuli inayoshinda hilo, kwa sababu kapsuli haizibi mlango. Inapunguza tu ukali wa kinachopita mlangoni. Kwa hiyo nilikuwa nakaa barazani na sweta langu mpaka jua linatoka, nikizitazama ndege za kwanza zikishuka kwenda uwanjani juu ya mikoko. Mwezi ule niliifahamu Mbweni ya asubuhi kuliko miaka yote niliyoishi hapa.

Tarehe ya pili, ile ya kumaliza, iliangukia siku chache baada ya Idi. Niliacha. Siku ya kwanza salama, ya pili salama. Siku ya tatu usiku niliamka nikidhani nimemeza kaa la moto.

Kama si yule msichana wa uani, hapo ndipo ningetuma mtoto dukani. Mtu yeyote angetuma. Umeacha dawa, maradhi yamerudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo bado unaihitaji. Hesabu inaonekana sawa kabisa. Yeye alinieleza juu ya utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2009. Walichukua watu 120 wazima, wasio na kiungulia. Baadhi wakapewa esomeprazoli, ndugu yake omeprazoli, wiki 8 kisha wiki 4 za kidonge kisicho na dawa. Wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Dawa ilipoondolewa, watu 44 katika kila 100 wa kundi la dawa walipata kiungulia, kucheua au tumbo kusokota. Kundi la pili walikuwa 15 katika kila 100. Watu wazima hawa. Walioingia hawana kitu.

Sababu ni kwamba mwili haukubali kunyimwa. Asidi ikipungua, homoni ya gastrini inapanda, na viwanda vya asidi vinapanuka vikingoja. Ondoa dawa ghafla, na vyote vinafunguliwa kwa pamoja. Moto ule unaweza kuwa wa maradhi, na unaweza kuwa wa kuacha dawa. Kwa mwenye kuungua hauna tofauti.

Nilifikiria karatasi za Ami, moja baada ya moja, na kwamba labda katika miaka ile kulikuwa na mwezi fulani, mwanzoni kabisa, alijaribu kuacha, akafika siku ya tatu.

Daktari alinirudisha kwenye kapsuli, safari hii siku moja ndiyo siku moja hapana, kwa wiki 2, kisha basi, na maginesiamu ya kutafuna pale panapozidi. Kaka zangu waliinua kichwa cha kitanda changu kwa matofali. Kitanda chenyewe ni samadari la bibi, la mninga, na shughuli ile ilihitaji wanaume wanne na matusi ya kistaarabu. Chakula cha usiku nikakihamishia kabla ya Isha. Urojo nikauhamishia mchana. Moto uliendelea wiki 3 hivi, ukawa unakuja kama mgeni aliyesahau kitu, halafu ukaacha. Siku hizi unanitembelea mara moja moja, hasa baada ya harusi, na najua jina lake. Ni kiungulia.

Baada ya hapo niliigeukia karatasi ya Mama.

Mama anameza omeprazoli mwaka wa nne. Kabla yake alikuwa na ranitidini, mpaka ilipotoweka madukani baada ya nchi nyingi kuiondoa sokoni mwaka 2020 kwa sababu ya kemikali iliyogunduliwa ndani yake, na dukani wakampa hii badala yake. Hajapata kupigwa kamera. Ukimuuliza anakwambia ana vidonda, tangu nyote mko skuli. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyojiogopea, na nilikuwa nimeshasoma ya kutosha kujua kwamba matumizi ya miaka mingi yanaweza kushusha maginesi na vitamini B12 mwilini. Nikamchukua kwa daktari yule yule.

Daktari alimuuliza maswali yale yale, haraka haraka, mpaka akafika kwenye dawa za maumivu. Mama akatoa kwenye mkoba karatasi ya diklofenaki, ya magoti, asubuhi na jioni, kwa sababu nyumba yetu ina ngazi na yeye ana miaka 67.

"Hii ya magoti ndiyo inayochubua tumbo," alisema daktari, akiigonga kwa kalamu. "Na hii nyingine," akaigonga omeprazoli, "ndiyo inayolizuia lisichubuke. Ukiacha hii ukabaki na ile, bibie, nitakuona hapa unatapika damu." Alimwandikia vipimo vya damu, akampangia kamera, akambadilishia ya magoti kuwa ya kupaka na parasetamoli, tuone zitamtosha. Kapsuli ziendelee mpaka kamera isome, na mpaka magoti yajulikane yanataka nini. Kisha tarehe itaandikwa, au haitaandikwa.

Kamera ilikuja safi. Njia nzima ya kurudi Mama hakusema kitu. Daladala ilikuwa imejaa, tumebanana na ndoo ya samaki ya mtu, na nilidhani amechoka. Tulipopita Kiembe Samaki alinigeukia.

"Kwa hiyo mimi sina vidonda?"

"Huna, Mama."

"Miaka yote hii nina nini?"

"Una magoti."

Alitazama nje kidogo. Mbele yetu alikaa mwanamke wa makamo, ameshika mkoba mapajani, na mdomoni mwa mkoba imechomoza karatasi ya fedha yenye kapsuli, mbili zimeshanyofolewa. Mama akainama mbele, akamgusa bega.

"Samahani, dada," alimwambia. "Hicho chako, cha nini?"